Re: Watoto wetu na simu za bibi na babu

> Wanangu wamezaliwa huku ughaibuni. Bibi akipiga simu wanamsalimia, kisha wananirudishia simu. Wenzangu mnafanyaje?

Dada, habari za siku. Hili la kwako linanigusa, maana wazee wetu wanazidi kuondoka na mengi hatujayasikia.

Usimwambie mtoto "ongea na bibi". Ataongea nini? Mpe swali la kuuliza, tena liwe la kitu kimoja. Mzee ukimwambia asimulie maisha yake, atakujibu tulipata shida, Mungu mkubwa, basi. Binti yangu nilimtuma amuulize bibi yake aliyeko Morogoro: mlipokuwa na watoto wadogo, sabuni mlipata wapi? Bibi alicheka, kisha akaanza. Foleni za alfajiri kwenye duka la ushirika, ambako mtu aliweka jiwe limshikie nafasi akaenda kuwasha moto nyumbani. Nguo zilizofuliwa kwa majani ya mpapai. Ugali wa unga wa yanga, wa mahindi ya njano, ambao watoto waliususa. Mwaka 1983, Waziri Mkuu Sokoine alipoanza kuwasaka walanguzi waliokuwa wakificha bidhaa, jirani yao mmoja alitoa madumu ya mafuta usiku akayamwaga shambani. Binti alitaka kujua watu walitambuaje jiwe ni la nani, wakaendelea na hilo jiwe mpaka salio likaisha.

Bibi akiwa anaongea, usimkatize kumfafanulia mtoto. Asiloelewa atauliza mwenyewe, na bibi atafurahi kuulizwa.

Sisi tunapiga Jumamosi asubuhi. Uingereza na nyumbani tunapishana saa tatu wakati wa baridi, mbili wakati wa joto, kwa hiyo tunamkuta ameshakula, ametulia. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp msiuache kwenye simu, uhamishieni kwenye kompyuta siku hiyo hiyo, jina la faili liwe na msimulizi, mahali na tarehe. Picha za zamani andikeni nyuma kwa penseli laini, wino unapenya.

Yapo ya kusubiri. Babu alipofika kwenye kuhamishwa kwao wakati wa Operesheni Vijiji, serikali ilipowahamishia watu kwenye vijiji vya ujamaa, alimtoa mjukuu kwenye simu kwanza, akanieleza mimi. Hayo nimeyarekodi kwa ruhusa yake, na binti atayasikia akikua kidogo. Kwenye kundi la familia hatuweki kitu ambacho mwenyewe hajakubali.

Msalimie shemeji na watoto.