Naomba ushauri: blanketi la viraka vya flaneli, kingo zitachambuka kwa kufua na mikono?

Habari zenu wapendwa, niko Dodoma hapa na baridi ya Juni na Julai ikichanganyika na ule upepo mnaoujua wenyewe, sasa nataka niwashonee babu na bibi mablanketi ya viraka vya flaneli (kile kitambaa laini chenye manyoya kidogo), yale ambayo mshono unaachwa kwa nje halafu unakatwakatwa na mkasi ili ukifua kingo zichambuke ziwe na manyoyamanyoya. Flaneli natafuta kwenye shuka na mashati ya mtumba pale soko la Sabasaba, nachagua ya pamba tupu maana yenye poliesta haichambuki vizuri. Nakata vipande vya inchi 8, naweka tabaka tatu, naacha nusu inchi ya mshono. Shida ni pale kona nne zinapokutana, kunakuwa kunene mno na cherehani yangu ya miguu inaruka mishono hata nikiweka sindano namba 16, je nipande hadi 18 au pale nizungushe gurudumu kwa mkono taratibu? Halafu huku tunafulia kwenye beseni, hivi kufikicha na kukung'uta kunatosha kuchambua kingo au nizisugue kwa brashi? La bibi nataka liwe laini kweli, miguu inamuuma na baridi ikimshika hapati usingizi. Waliowahi kushona nisaidieni jamani.