Malisho ya kijiji: nani awe na kauli ya mwisho?

Ndugu zangu, naomba hili tulijadili kwa uzito wake. Kila linapokuja wazo la kubadili usimamizi wa mbuga za malisho huku kwetu Tabora, liwe eneo la hifadhi, ligawiwe vitalu au likabidhiwe mamlaka nyingine, madiwani wanapinga. Wapo wanaosema hao ni wakwamishaji, wanalinda kura za wafugaji. Mimi nasema wana haki ya kupinga, tena sheria imewapa nguvu ndogo mno.

Tazameni kifungu cha 4 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999. Eneo linalotaka kuhamishwa kutoka ardhi ya kijiji likiwa chini ya hekta 250, mkutano mkuu wa kijiji ndio unaokubali au kukataa. Likizidi hapo, kijiji kinatoa mapendekezo kupitia halmashauri ya wilaya, na anayeamua ni Waziri. Sasa hekta 250 ni nini kwa mfugaji? Ni kama ekari 600 na kitu. Ng'ombe wanaikata kwa nusu saa. Mbuga ya malisho yenye maana inazidi kipimo hicho, kwa hiyo penye jambo kubwa ndipo kijiji kinapobaki kuomba.

Nimekulia upande wa Urambo, kwenye familia yenye ng'itili, yaani malisho yanayofungwa masika na kutunzwa kwa ajili ya kiangazi. Mvua za kwanza zikishika tu, eneo linafungwa. Februari nyasi zinakufika kifuani na hakuna mnyama anayeingia. Baba alikuwa ananituma alfajiri nizunguke mpakani kuangalia kwato kwenye tope. Aliyekamatwa alilipa faini mbele ya wazee. Agosti, nyasi zikiwa zimekauka rangi ya dhahabu, ndipo linafunguliwa, na ng'ombe wanaonyonyesha wanaanza. Mgeni akipita Machi anaona pori tupu lisilo na mwenyewe. Ndivyo maeneo haya yanavyoingia kwenye ramani za watu.

Nakubali upande wa pili una hoja. Makundi makubwa yameingia kutoka Shinyanga na Mwanza kwa miaka mingi, na ardhi oevu ya Malagarasi na Moyowosi, inayotambuliwa kimataifa tangu 2000, haiwezi kubeba kila ng'ombe. Lakini hadhi ikishabadilika, mlango unafungwa hata kwa waliokuwa wakiingia kwa utaratibu. Pori la Akiba la Ugalla lilipopandishwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2019, walioguswa ni pamoja na warina asali.

Kinachoniuma ni hiki: halmashauri zile zile zinazopinga kwa sauti kubwa kwenye baraza zimeacha vijiji vingi bila mpango wa matumizi bora ya ardhi. Malisho hayana bikoni wala sheria ndogo. Kila mwaka serikali ya kijiji inamega kipande cha mbuga kwa mpunga na kingine cha pembeni kwa tumbaku, halafu siku wataalamu wakija na ramani yao tunapiga kelele mikono mitupu.

Pendekezo langu: kikomo cha hekta 250 kiondolewe kwa malisho ya pamoja, mkutano mkuu uamue, lakini kwa kijiji ambacho kimeshapima na kuandika malisho yake. Kisichopima kisipewe kauli hiyo. Najua wengine mtasema nawaadhibu wanakijiji kwa uzembe wa viongozi. Semeni, ninyi mngeweka sharti gani?