Dada yangu yuko Muskat na gemu kwake ni rahisi. Anaweza kuninunulia?

Trela_Changamwe

Salaam aleikum jamani. Baba yangu ameendesha trela kutoka bandarini mpaka Malaba na Kampala miaka 26, hadi mgongo ulipomkatalia. Mwaka jana nilimwekea Euro Truck Simulator 2, gemu ya kuendesha malori, kwenye laptopu yangu, na tangu hapo akishaswali isha kiti ni chake. Anawasha indiketa hata nyuma kukiwa hakuna gari, vilevile alivyonifundisha mimi.

Sasa anataka ramani ya Skandinavia, nyongeza ya gemu hiyo inayouzwa peke yake. Amesikia kule malori hupakiwa kwenye feri, na yeye amevuka Likoni tangu mtoto. Kwangu Steam, lile duka la gemu la mtandaoni, inasema dola 17.99, kama shilingi 2,300 hivi. Dada yangu anafanya kazi Muskat. Tumelinganisha gemu kadhaa kwa simu na nyingi kwake ziko chini. Je, akininunulia kama zawadi itanifikia? Au nibadilishe nchi ya akaunti niweke Oman? Nauliza mapema kwa sababu mwezi uliopita nilinunua ufunguo wa gemu nyingine, ile namba ya kuifungulia kwenye Steam, kwenye tovuti moja ya rahisi, nikaambiwa hautumiki nchi yangu. Pesa imekwenda.

FundiTudor

Wa aleikum salaam. Pole kwa hiyo pesa, ndugu yangu.

Zawadi haitapita ikiwa bei ya Muskat na ya kwako zimeachana sana. Steam huzilinganisha kabla ya kuituma. Kubadilisha nchi usijaribu: utatakiwa ulipe kwa kadi ya huko, na huruhusiwi kubadilisha zaidi ya mara moja kwa miezi mitatu. Wanaojificha kwa VPN, programu ya kukuonyesha kama uko nchi nyingine, wanavunja mkataba na akaunti inaweza kufungiwa, pamoja na gemu zote za mzee.

Ukali huu una chanzo chake. Lira ya Uturuki na peso ya Argentina zilipoanguka, watu wa kila pembe walijifanya wakazi wa huko wapate gemu kwa bei ya karanga. Tarehe 20 Novemba 2023 Steam ikaziondoa sarafu hizo mbili, ikaweka dola. Uturuki ikatiwa kundi moja la bei na Misri, Moroko, Oman na jirani zao. Afrika Kusini wana randi yao. Sisi Kenya hatumo kundi lolote. Tunalipa dola ileile ya Marekani. Na ujue bei hupangwa na kampuni iliyotoa gemu. Steam hupendekeza tu.

BintiKibokoni

Kuhusu ule ufunguo: kama hukununua Steam kwenyewe, Steam haikurudishii kitu. Ile haki ya kurudishiwa ndani ya siku 14, ukiwa hujacheza saa mbili, ni ya ulichonunua kwao. Kufunga funguo kwa nchi ni jambo la zamani. Januari 2021 Tume ya Ulaya iliwatoza Valve, wenye Steam, na kampuni nyingine tano faini ya jumla ya yuro milioni 7.8 kwa kuzuia funguo za Ulaya Mashariki zisitumike nchi nyingine za Ulaya. Lakini sheria ile inamlinda mnunuzi wa Ulaya. Wa Mombasa haimfikii.

Mimi ningesubiri. Iweke ramani kwenye orodha ya unavyovitaka, watakutumia barua pepe ikishuka. Gemu yenyewe ni dola 19.99 na imeshashushwa mara nyingi hadi 4.99, ramani zake nazo hushuka. Ofa kubwa huwa mwisho wa Juni na tena Desemba. Angalia na dola pia: Januari 2024 ilifika karibu shilingi 160, ramani hiyohiyo ingekula karibu 2,900. Kulipa tumia kadi ya M-Pesa GlobalPay, hutahitaji benki.

Trela_Changamwe

Ahsanteni sana, wallahi mmeniokoa. Dada nimeshamwambia aache.

Ila hili la kundi limeniuma. Dereva wa Changamwe hapati mshahara wa dereva wa Uswidi, na ramani ya Uswidi anaambiwa ailipe kwa dola ya Mmarekani. Kampuni ikitaka kutuwekea bei ya shilingi, Steam haina hata mahali pa kuiandika. Mimi nataka kulipa. Nimetoka kwenye gemu za kuibia miaka mingi nyuma kwa sababu nimeona watu wanavyotaabika kuzitengeneza, na wapo wengi hapa mjini kama mimi. Tuwekeeni bei tunayoiweza, tutanunua.

Ramani nimeiweka kwenye orodha. Mzee nimemweleza tusubiri Juni. Ameuliza kama ile feri ya kule nayo ina foleni.

FundiTudor

Mwambie haina. Unapanda moja kwa moja.