Joto la Menengai ni la nyuklia?

MkulimaBahati:
Hamjambo. Binti yangu wa Kidato cha Tatu ametuambia joto la Menengai, volkano yetu hapa Nakuru, linatokana na atomu zinazovunjika. Jirani aliposikia "atomu" akawakataza wanawe kuchunga mbuzi huko, eti ni kama bomu. Ukweli ni upi?

Mwalimu_Nakuru:
Mpongeze binti, maana amesema kweli, japo si yote. Ndani ya mwamba mna urani, thoriamu na potasiamu, kidogo mno. Kiini cha urani, yaani kitovu cha atomu yake, kikivunjika hurusha kipande kidogo kiitwacho chembe ya alfa kwa kasi ya maelfu ya kilomita kwa sekunde. Haifiki mbali: mwamba huisimamisha kabla haijapita hata unene wa unywele. Nishati yake huingia katika atomu za jirani, nazo hutikisika zaidi. Kutikisika huko ndiko joto lenyewe! Wanafunzi wengi hukariri sentensi hiyo wakapita, nami huwarudisha, kwa sababu ukiielewa umeielewa nusu ya sura nzima ya joto.

Bomu ni jambo jingine. Kule kiini kimoja huvunja vingine, navyo vingine, kufumba na kufumbua. Katika mwamba kila kiini huvunjika kwa wakati wake, na urani huchukua takriban miaka bilioni 4.5 kupungua nusu. Huo ni karibu umri wa dunia, ndiyo maana bado ipo.

Asichosema binti ni kwamba sehemu kubwa ya joto la dunia, karibu nusu, ni masalio ya wakati ilipoumbika. Na joto la Menengai halitokani na wingi wa urani. Hapa Bonde la Ufa limenyoosha gamba la dunia likawa jembamba, magma, yaani mwamba ulioyeyuka, ikapanda. Visima vya mvuke vilivyochimbwa huko tangu 2011 vinapita kilomita 2 kwenda chini, na joto huko linazidi nyuzi 300.

MkulimaBahati:
Asante mwalimu. Lakini mvuke wenyewe una mionzi?

Mwalimu_Nakuru:
Maji hayageuki kuwa na mionzi kwa kupashwa moto na mwamba. Gesi kidogo yenye mionzi, iitwayo redoni, hupanda pamoja na mvuke, na mahali pa wazi upepo huitawanya. Mwili wako mwenyewe una potasiamu ambayo viini vyake kama 4,000 huvunjika kila sekunde, na umekuwa hivyo tangu utotoni. Mwambie jirani ahofie mvuke unaounguza, na gesi zinazotuama kwenye mashimo: ile yenye harufu ya yai bovu, na kaboni dioksidi isiyo na harufu kabisa. Mbuzi wachungwe mbali na mashimo hayo.

Jakisumu:
Na chemchemi za moto za Homa Hills, huku kwetu ziwani?

Mwalimu_Nakuru:
Huko nako kuna ufa, ule wa Nyanza, na Homa ni volkano ya zamani. Tena mawe yake yana thoriamu kuliko mawe ya kawaida, kwa hiyo mwenye kipimo cha mionzi atapata namba kubwa zaidi huko. Lakini joto la chemchemi, ndugu yangu, linatoka chini zaidi ya mawe hayo.