Elden Ring: pozi iko wapi?

Bandugu wa Goma, Elden Ring, mchezo wa video wa 2022, kwenye mashine ya PS4 haina pozi, yaani haisimami kwa muda. Nikifungua menyu, adui ananipiga tu. Mtu akibisha hodi nifanye nini?

— Inasimama, ila wameificha. Bonyeza kitufe cha Options, ingia kwenye vifaa, bonyeza kibao cha kugusa katikati ya manete (kidhibiti cha mkononi), chagua maelezo ya menyu. Kila kitu kinaganda. Kiburi cha wabunifu hicho! Sekiro ya 2019, mchezo mwingine wa kampuni ileile, ina pozi ya kawaida.

— Yaya, umeme ukichezacheza pozi haisaidii. Toka kabisa kupitia menyu ya mfumo, mchezo unajihifadhi. Ukirudi utaanzia palepale. Kama ulikuwa unapigana na bosi (adui mkubwa), utajikuta nje ya mlango wa ukungu wa kuingilia kwake, naye damu, yaani uhai wake, imejaa. Usichomoe waya wakati unahifadhi, faili linaweza kuharibika.