Naomba ushauri: kadi ya fiba inajizima baada ya kupandisha fimuwea

Habari za kazi wakuu. Nipo Mbeya, nahudumia swichi ya mtandao wa simu upande wa Tukuyu. Jana usiku tulipandisha fimuwea (programu ya ndani inayoendesha kadi za swichi) kwenda toleo jipya, tukaanza na kadi kuu ya akiba, kisha ile kadi kuu nyingine. Zote ziko vizuri. Shida ni kadi ya fiba inayobeba mawasiliano ya Kyela: inawaka, taa nyekundu inapepesa, inazima, inaanza upya. Nimeichomoa, nimeibadilishia sloti, hali ni ileile. Logi (kumbukumbu ya matukio ya swichi) inasema toleo lake halilingani na la kadi kuu. Mawasiliano ya Kyela kwa sasa yanapita kwenye redio, na mvua za huku mnazijua, zinavuruga mawimbi.

Je, naweza kuisukumia kadi hiyo peke yake fimuwea mpya bila kuzima swichi nzima? Au salama zaidi nirudishe toleo la zamani kote? Bekapu ya konfigi (mipangilio ya swichi) ninayo.