Kanuni ina maana mbili na mchezaji ameshatumia zamu yake: tafsiri imfae nani?

MLETA MADA

Wadau, naleta jambo ambalo limegawa meza yetu kwa wiki mbili sasa. Naomba tulijadili bila kukimbilia jibu la "mwendesha mchezo ndiye mwenye neno la mwisho". Hilo nalijua, kwa sababu mwendesha mchezo ni mimi.

Tunacheza Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani ambao kila mchezaji anaigiza mhusika wake, na mwendesha mchezo anasimulia, anawachezea maadui na kuamua kanuni. Tunatumia vitabu vya toleo la tano, vile vya 2014. Mchawi wetu alipata habari kwamba juu ya mnara kuna adui asiyeonekana. Asubuhi, wakati wa kuchagua uchawi wa siku hiyo, akaacha mmoja anaoutegemea sana na kuchukua ule wa ngazi ya pili unaomwezesha kuona visivyoonekana kwa saa nzima. Tulipofika juu akautumia, akamwona adui waziwazi, na zamu yake iliyofuata akamrushia mshale wa moto.

Hapo nikafungua kitabu. Hali ya kutoonekana imeelezwa kwa vipengele viwili. Cha kwanza: kiumbe huyo hawezi kuonekana bila msaada wa uchawi au hisi maalumu. Cha pili: anayemshambulia hurusha dadu ya pande 20 mara mbili na kuchukua namba ndogo, na yeye akishambulia huchukua namba kubwa. Kipengele cha pili hakisemi popote "kwa yule asiyemwona". Kimesimama peke yake. Uchawi wa kuona unagusa cha kwanza tu. Nikatamka: unamwona, lakini namba ndogo ndiyo itakayohesabiwa. Zikaja 17 na 4. Akakosa.

Hakugombana nami. Aliuliza tu: "Ningejua unasoma hivyo, unadhani ningeuchukua uchawi huu?" Swali hilo halijaniacha.

Sisemi nilisoma vibaya. Neno kwa neno, nilisoma sawasawa, na ndiyo maana kitabu cha 2024 kimeongeza sentensi inayoondoa faida hiyo dhidi ya yeyote anayeweza kukuona. Kama maneno ya zamani yangekuwa yanasema hivyo, kusingekuwa na haja ya kuongeza. Kosa langu naliona kwingine: nilisoma kwa kuchelewa. Mtu alikuwa ameshalipa. Alilipa asubuhi kwa kuacha uchawi mwingine, akalipa tena kwa nafasi ya ngazi ya pili (moja ya nafasi chache za kutumia uchawi alizonazo kwa siku), akalipa kwa zamu nzima ya kuutumia. Msimamo wangu sasa ni huu: kanuni ikiwa na utata, tafsiri itolewe kabla mchezaji hajagharimika. Ikichelewa, basi kwa mara hiyo imfae aliyegharimika, na kuanzia kikao kijacho meza ifuate tafsiri iliyokubaliwa, hata ikiwa ni ile kali.

Mnasemaje?

MCHANGIAJI WA KWANZA

Mkuu, napinga, na nina sababu. Maneno ya kitabu ndiyo kinga pekee ya mchezaji dhidi ya hisia za mwendesha mchezo. Leo umemwonea huruma mchawi kwa sababu aliuliza kwa upole. Kesho mwingine atauliza kwa ukali na hutamhurumia. Mimi nimecheza sana meza za watu nisiowajua, zile za mpango wa Adventurers League, ambapo mhusika mmoja anahama meza hadi meza na kila meza ina mwendesha wake. Bila kushika herufi, mhusika wangu angekuwa na uwezo fulani Jumamosi na Jumapili hana.

Tena anayesema "utata" mara nyingi hana utata wowote, ana jibu asilolipenda. Kipengele cha pili ulichokinukuu kina utata gani? Hakuna. Ni kikali, basi. Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Kikali kikimkata adui kesho, mchawi wako atashangilia.

MCHANGIAJI WA PILI

Namuunga mkono mleta mada kwa asilimia mia. Sina la kuongeza.

MCHANGIAJI WA TATU

Ndugu wa kwanza hapo juu, hiyo "herufi" unayoishika ni ya lugha gani? Vitabu tunasoma kwa Kiingereza, mezani tunaongea Kiswahili, na katikati hapo kuna mtu anatafsiri papo hapo. Nitakupa mfano ulioniumiza kichwa miezi mizima.

Kitabu cha 2014 kinatofautisha shambulio *la* silaha ya karibu na shambulio *kwa* silaha ya karibu. Ngumi tupu inahesabiwa kuwa shambulio la silaha ya karibu, lakini ngumi yenyewe si silaha. Ukisema "la", ngumi imo. Ukisema "kwa", ngumi imetoka. Sasa paladini wetu, yaani mpiganaji mwenye nguvu takatifu, alinyang'anywa upanga gerezani, akampiga mlinzi ngumi, akataka kuongeza lile pigo la nuru ambalo paladini huwasha anapompata adui. Kanuni inaanza na "la", akafurahi. Mstari huohuo unaendelea kusema madhara ya nuru yanajumlishwa juu ya madhara ya silaha, nasi tukarudi kwa "kwa". Tulibishana hadi chai ikapoa, juu ya silabi moja. Jibu lililotolewa na wabunifu lilikuwa hapana, ngumi haifai. Kitabu cha 2024 kikaja kikataja ngumi kwa jina na kuiruhusu.

Kwa hiyo usiniambie herufi haina utata. Meza yetu sasa, kanuni ikibishaniwa, tunaisoma kwa Kiingereza kwa sauti, sentensi nzima na ile inayofuata, ndipo mtu mmoja anaieleza kwa Kiswahili na mwingine anakubali au anasahihisha. Inachukua dakika mbili. Naiona ni kazi ya heshima kabisa, kwa sababu "la" na "kwa" zikichanganywa mtu anapoteza mhusika aliyemlea mwaka mzima.

MCHANGIAJI WA NNE

Kwa nini tusiwaulize waliotunga? Wapo hai, wana safu yao ya Sage Advice inayojibu maswali kama haya. Tufuate walichokusudia, tumalize.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Wa nne, tulijaribu. Kuna uwezo wa mpiganaji mwenye ngao: akichukua kitendo cha kushambulia, anaweza kutumia kitendo cha ziada kumsukuma adui kwa ngao. Swali likawa, asukume kwanza adui aanguke, ndipo ashambulie aliyelala? Tofauti ni kubwa mno, maana aliye chini ni rahisi kumpata kwa karibu. Mwaka 2015 Jeremy Crawford, aliyekuwa msimamizi wa kanuni, alijibu kwamba mchezaji anaweza kuchagua mpangilio. Mwaka 2018 akageuza: lazima ushambulie kwanza. Maneno ya kitabu hayakubadilika hata nukta, yaliyobadilika ni jibu. Na baadaye wenyewe wakaweka wazi kwamba jibu rasmi ni lile lililo ndani ya mkusanyo wa Sage Advice, majibu ya Twitter hayahesabiwi hivyo. Kuna watu walijenga wahusika wao wote juu ya jibu la 2015.

MLETA MADA

Hapo umenisaidia bila kutaka, ndugu yangu. Hao waliojenga wahusika juu ya jibu la 2015 ni ndugu wa mchawi wangu. Walitegemea usomaji fulani wakagharimika. Mimi kwangu mezani mwenye ngao wa namna hiyo ningemwacha amalize safari yake na mpangilio wake wa zamani, na mhusika mpya ndiye angefuata jibu jipya.

Kuhusu huruma: unayo haki kuogopa. Ndiyo maana sitaki kuiita huruma. Nataka iwe kipimo ambacho mchezaji yeyote anaweza kunishika nacho, mpole au mkali. Maswali ni mawili tu. Je, watu wawili waliosoma kwa nia njema wangeweza kuelewa tofauti? Je, mchezaji alishatoa kitu kwa kutegemea uelewa wake? Yote mawili yakiwa ndiyo, safari hiyo inamfaa yeye. Moja likiwa hapana, kitabu kinabaki kama kilivyo.

MCHANGIAJI WA TANO

Na mjanja je? Kipimo chako kitaliwa na wajanja. Mnaijua ile hesabu ya wakulima 2,000 waliojipanga mstari, kila mmoja ameandaa kitendo cha kumpokeza mwenzake mkuki. Raundi ni sekunde 6. Kila mtu anachukua futi 5, kwa hiyo mkuki unasafiri futi 10,000, kama kilomita tatu, ndani ya sekunde hizo. Zaidi ya mita 500 kwa sekunde! Halafu mchezaji anadai ukitoka mkononi mwa wa mwisho uangushe ukuta wa ngome. Huyo naye atasema "nimeshalipa, nimeajiri wakulima 2,000". Utamfaa?

MCHANGIAJI WA TATU

Huyo anaanguka kwenye swali la kwanza, nia njema. Angalia anavyofanya: kwenye kupokezana anashika herufi ya kanuni, inayoruhusu vitendo vyote hivyo katika raundi moja. Kwenye madhara anaitupa herufi na kushika fizikia. Achague moja. Akishika herufi mpaka mwisho, mkuki unatoa madhara ya mkuki wa kawaida, dadu moja ya pande 6. Akishika fizikia, wakulima hawawezi kupokezana haraka hivyo. Kitabu cha waendesha mchezo cha 2024 kimelieleza hili moja kwa moja: kanuni za mchezo si fizikia, na zinategemea usomaji wa nia njema.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Nakubali kwa wakulima. Bado sijakubali kwa mchawi. Mleta mada, nijibu hili: kama wewe mwendesha mchezo ndiye uliyegharimika? Umempa mkuu wa mnara uwezo fulani, umetumia zamu yake ukiutegemea, ndipo mchezaji anafungua kitabu na kukuonyesha mstari ambao hukuuona. Nawe unafaidi kipimo chako?

MLETA MADA

Nimelifikiria tangu asubuhi. Jibu langu ni hapana, na sababu ni kwamba gharama zetu hazilingani. Mimi nikipoteza zamu ya adui nina maadui wengine, nina mnara mzima, kesho naweza kuandika mnara wa pili. Mchawi ana nafasi chache za uchawi kwa siku na mwili mmoja. Kitabu cha 2014 kinanipa mimi kazi ya mwamuzi, niamue lini kanuni ifuatwe na lini ibadilishwe. Aliyeshika kazi hiyo hawezi pia kudai nafuu ya anayeamuliwa. Najua kwa msimamo huo msumeno wangu unakata upande mmoja, wa kwangu. Nauridhia.

Jumamosi kabla hatujaanza nitamrudishia mchawi nafasi ile ya ngazi ya pili, na mshale wa moto utahesabiwa kwa dadu ya kwanza iliyotua, ile ya 17. Adui alikuwa amebakiwa na uhai wa 5. Kisha nitauliza meza nzima tufuate maneno ya 2014 au yale ya 2024 kwa hali ya kutoonekana, na tutakachochagua nitakiandika kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari la safari, ambako hadi leo hakuna kitu.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Andika na tarehe. Na waliokubali waweke jina. Bado napinga, lakini meza yenye daftari la namna hiyo ningekaa.